Majira ya baridi Uskoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vyakula, vinywaji na mila

Maelezo haya ni ya mtu aliyehamia Glasgow au Aberdeen kwa masomo au kazi, aliyealikwa karamu na jirani Mskoti, au anayetaka kujaribu mapishi haya jikoni kwake Arusha, Nairobi au Muscat. Saa zote ni za Kiswahili, kwa hiyo saa 6 usiku ndiyo mwaka unapogeuka. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15. Joto la oveni ni la oveni isiyo na feni; yenye feni ipunguzie nyuzi 20.

Sikukuu zenyewe ni zipi, na zinaangukia lini?

Msimu unafunguliwa tarehe 30 Novemba, siku ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa Uskoti. Inafuata Krismasi, kisha Hogmanay, yaani mkesha wa tarehe 31 Desemba pamoja na yote yanayouzunguka. Tarehe 1 na 2 Januari zote ni mapumziko huko, ilhali Uingereza yenyewe hupumzika siku moja tu. Tarehe 25 Januari ni usiku wa Burns, wa kumkumbuka mshairi Robert Burns, na Jumanne ya mwisho ya Januari watu wa Lerwick, kisiwani Shetland, huchoma jahazi lao katika sherehe ya Up Helly Aa. Kama likizo inakuruhusu kwenda mara moja tu, nenda Hogmanay. Kama unataka kula vizuri na kukaa na watu wanaozungumza, nenda usiku wa Burns.

Kwa nini mwaka mpya ni mkubwa kuliko Krismasi?

Kwa sababu ya kanisa. Baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti, viongozi wa kanisa la Uskoti waliiona Krismasi kama mabaki ya Ukatoliki, na mwaka 1640 bunge la Uskoti likafuta mapumziko yake. Hata amri ilipoondolewa baadaye, mazoea yalibaki: watu wengi walikwenda kazini tarehe 25 Desemba kama siku nyingine yoyote, na ni mwaka 1958 tu Krismasi ilipofanywa siku ya mapumziko ya umma. Furaha yote ya katikati ya baridi ikahamia kwenye mwaka mpya. Siku hizi Krismasi inasherehekewa kama kwingineko Uingereza, bata mzinga na yote. Cha Kiskoti hasa utakikuta wiki moja baadaye.

Giza na baridi vikoje?

Tarehe 21 Desemba jua la Edinburgh huchomoza karibu saa 2:40 asubuhi na kuzama karibu saa 9:40 alasiri. Hayo ni masaa saba. Lerwick hawafikishi sita. Baridi si kali kama ya Kanada au Skandinavia. Edinburgh mchana huwa nyuzi 3 hadi 7. Kinachomshinda mgeni ni upepo na mvua ya pembeni. Mwavuli utavunjika, kwa hiyo nunua koti lisilopitisha maji, lenye kofia, na viatu vyenye soli ya kushika barafu. Ukifahamu giza hilo utaelewa pia kwa nini vyakula vya msimu vina mafuta mengi, sukari nyingi na oti nyingi, na kwa nini karibu kila sherehe ina moto ndani yake.

Haggis ni nini hasa?

Ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, vikichemshwa na kukatwakatwa, vikachanganywa na oti za chenga, mafuta ya figo, vitunguu, chumvi na viungo, kisha vikajazwa kwenye tumbo la kondoo na kuchemshwa tena. Aliyewahi kula mutura ya Kenya hatashangaa, ila haggis haina damu, na oti huifanya iwe chengachenga na yenye ladha ya kokwa zilizokaangwa. Pilipili manga lazima isikike. Za madukani siku hizi nyingi zimefungwa kwenye ngozi ya kutengenezwa badala ya tumbo.

Msomaji wa Marekani ajue kwamba huko mapafu ya mifugo yamepigwa marufuku kama chakula tangu 1971. Haggis utakayoikuta dukani kwako imetengenezwa bila mapafu, na hiyo ni nzito kidogo kuliko ya Uskoti.

Nipashe vipi haggis ya dukani bila kupasuka?

Nyingi huuzwa zikiwa zimeshapikwa, hivyo kazi yako ni kuipasha moto hadi katikati. Soma lebo, kwa sababu ngozi nyingine ni za plastiki na lazima zivuliwe. Gramu 500 zinatosha watu wawili wenye njaa au watatu.

Njia ya sufuria: funga haggis kwenye foili kwa kubana, itumbukize kwenye maji ya moto yaliyokaribia kuchemka, na iache humo dakika 45 kwa gramu 500, au saa moja na robo kwa kilo. Maji yatikisike tu. Yakichemka kwa kishindo, mvuke wa ndani unakua haraka kuliko ngozi inavyoweza kutanuka, na utaokota oti sufuriani. Kosa la pili ni kuitoa kwenye friji ikiwa baridi kabisa na kuitia moja kwa moja kwenye maji moto. Iache nje nusu saa kwanza.

Njia ya oveni, ambayo tunaipendelea: ifunge kwenye foili, iweke kwenye bakuli la kuokea lenye maji kina cha sentimita 2, nyuzi 180, saa moja. Haipasuki kirahisi, na jiko linabaki huru kwa viazi.

Kwa haraka, vua ngozi, katakata, weka kwenye maikrowevu dakika 4 hadi 5, ukikoroga kwa uma katikati. Ladha ni ileile. Kinachopotea ni sura, na usiku wa Burns sura ni nusu ya shughuli.

Ukiwa na kipimajoto, katikati ifike nyuzi 82, kiwango kinachotumika Uskoti kwa chakula kinachopashwa upya.

Naweza kuitengeneza mwenyewe Afrika Mashariki?

Unaweza, na vitu vyote vipo buchani. Agiza moyo, ini na mapafu ya kondoo mmoja vikiwa vimeshikana na koo lake, pamoja na tumbo lililosafishwa. Loweka tumbo usiku kucha kwenye maji ya chumvi, kisha ligeuze ndani nje na ulikwangue.

Chemsha moyo, ini na mapafu taratibu kwa saa mbili, koo likining'inia nje ya sufuria juu ya kibakuli. Mapafu hutoa povu na uchafu, na hapo ndipo vinapopitia. Usimwage maji uliyochemshia. Saga moyo na mapafu, kwaruza ini kwa kikwaruzio. Kaanga oti za chenga gramu 250 kwenye sufuria kavu hadi zinukie. Changanya vyote na mafuta ya figo gramu 250 yaliyokatwa vipande vidogo, vitunguu vitatu, chumvi kijiko kimoja cha chakula, pilipili manga vijiko viwili vya chai, kungumanga na giligilani kidogo, na nusu lita ya yale maji. Mchanganyiko uwe laini na wenye unyevu, usiwe mkavu kama wa kababu.

Jaza tumbo nusu yake, au zaidi kidogo, kwa sababu oti zitavimba. Toa hewa, shona kwa uzi mnene, na chemsha taratibu saa tatu. Likianza kuvimba kama mpira, lichome kwa sindano mara mbili tatu.

Kosa kubwa la huku kwetu ni kutumia zile oti bapa za uji wa haraka. Zinayeyuka, na unapata ugali wa ini. Ukikosa za chenga, nunua oti nzima uzivunje kwenye blenda kwa mapigo mafupi.

Neeps na tatties ni nini, na kwa nini zangu zina maji?

Tatties ni viazi mviringo vya kupondwa. Neeps ni ile tanipu kubwa yenye ngozi ya zambarau na nyama ya manjano, siyo tanipu ndogo nyeupe. Menya kwa kina, kwa kuwa chini ya ngozi kuna nyuzi chungu. Kata vipande vya sentimita 2. Chemsha dakika 25 hadi 30. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: mwaga maji, rudisha sufuria motoni dakika mbili bila mfuniko, tikisa hadi mvuke uishe. Ndipo uponde na siagi gramu 40 kwa kilo na pilipili manga nyingi. Usipoikausha, maji yatajikusanya sahani nzima.

Viazi navyo hukaushwa vivyo hivyo, hupondwa na siagi na maziwa ya moto. Usivitie kwenye blenda. Wanga unapasuka na vinakuwa gundi.

Huku Afrika Mashariki tanipu ya manjano ni adimu. Karoti mbili kwa boga moja hukaribia rangi yake, lakini ni tamu mno, kwa hiyo ongeza pilipili manga na chumvi.

Mimi ni Muislamu, au sili nyama. Nitabaki na nini?

Na mengi. Haggis ya mboga inauzwa karibu kila duka kubwa Uskoti: oti, dengu, maharage, karoti, uyoga na mbegu, kwa viungo vilevile. Ni nzuri kweli, na wapo Waskoti wala nyama wanaoipendelea. Haggis ya halali nayo ipo katika baadhi ya bucha za Kiislamu mijini, hasa Glasgow. Agiza wiki moja kabla ya 25 Januari.

Mtego uko pembeni ya sahani. Mchuzi mweupe unaomiminwa juu ya haggis mara nyingi una wiski, na pombe haiishi yote kwa kuchemshwa. Cranachan, kitindamlo cha krimu, oti na rasiberi, ina wiski isiyopikwa kabisa. Clootie dumpling, keki ya matunda makavu inayochemshwa, hutiwa mafuta ya figo ya ng'ombe, ila mafuta ya mimea ya kazi hiyohiyo yanauzwa. Uliza mapema, siku unayojibu mwaliko. Mwenyeji Mskoti hataudhika. Atakachojisikia vibaya ni kukuona umekaa na sahani tupu.

Kuhusu vinywaji, kila meza ina Irn-Bru, soda ya rangi ya chungwa iliyoanza mwaka 1901. Familia nyingi pia hutengeneza sharubati ya tangawizi ya Hogmanay isiyo na kilevi, kali, ya kuchanganywa na maji moto. Kugonganisha glasi kwa soda hakuna ubaya wowote.

Supu gani inafaa kwa baridi hiyo?

Cullen skink, inayotoka mji wa wavuvi wa Cullen, pwani ya kaskazini-mashariki. Kwa watu wanne: samaki haddock aliyekaushwa kwa moshi gramu 500, viazi gramu 450, kitunguu kimoja kikubwa, siagi gramu 40, maziwa mililita 600, maji 300.

Pasha samaki ndani ya maziwa kwa moto mdogo dakika 8, mtoe, mwondoe ngozi na miiba, mchambue vipande vikubwa. Yatunze maziwa. Kaanga kitunguu kwa siagi hadi kilainike bila kubadilika rangi, tia viazi na maji, chemsha dakika 15. Ponda theluthi moja ya viazi humo humo ndani ya sufuria. Hicho ndicho kinachoifanya supu kuwa nzito, haihitaji unga. Rudisha maziwa, mwishoni samaki. Kuanzia hapo isichemke tena, maana maziwa yatakatika na samaki atakuwa makapi. Onja kabla ya kutia chumvi, kwa kuwa samaki anayo ya kutosha.

Dukani chagua samaki wa rangi ya maziwa au njano hafifu. Njano inayong'aa ni rangi ya kutiwa tu. Mwanza au Kisumu jaribu sangara wa moshi, ila mloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20, kwa sababu moshi wake ni mkali na nyama yake imekauka zaidi.

Clootie dumpling inatengenezwaje?

Kama una nguvu ya kupika kitu kimoja tu kwenye orodha hii, haggis nunua, hiki upike. Ni keki nzito ya matunda makavu inayochemshwa ndani ya kitambaa, na utamu wake mkubwa uko kwenye ngozi inayojitengeneza nje.

Unga wa ngano gramu 250, oti za chenga au chenga za mkate gramu 125, mafuta ya figo gramu 125, sukari gramu 125, zabibu kavu gramu 300, bekingi pauda kijiko cha chai, mdalasini na tangawizi ya unga kijiko cha chai kila kimoja, kungumanga robo kijiko, chumvi kidogo. Changanya vikavu, kisha tia yai moja, molasi kijiko cha chakula, na maziwa karibu mililita 150, kidogo kidogo. Unataka donge zito linalodondoka kijikoni kwa kusitasita. Likiwa jepesi, litalowa na kukosa umbo.

Kitambaa kiwe cha pamba, cheupe, sentimita 75 kila upande, kilichofuliwa bila sabuni ya manukato. Kanga haifai, rangi itahamia kwenye chakula. Kitumbukize kwenye maji yanayochemka, kikamue ukiwa na glavu, kitandaze, na ukinyunyizie unga wa ngano kila mahali, usambaze kwa kiganja. Unga huu juu ya kitambaa chenye maji moto ndio unaozaa ile ngozi. Ukiusahau, keki itashikamana na kitambaa na utaibandua vipande vipande.

Weka donge katikati, kusanya pembe, funga kwa uzi imara ukiacha nafasi ya vidole vitatu juu ya donge, kwa sababu litavimba. Ukibana sana litapasuka. Ukilegeza sana maji yataingia. Weka sahani iliyogeuzwa chini ya sufuria kubwa ili kitambaa kisiungue, tia maji ya moto hadi robo tatu ya donge, funika, chemsha taratibu saa tatu na nusu. Sauti ya sahani ikigongagonga chini inakuambia maji bado yanachemka. Ongeza maji kila yanapopungua, lakini yawe yanachemka tayari. Maji baridi hulidumaza donge na ngozi inakuwa ya utelezi.

Nairobi, kwa mwinuko wake, maji huchemka karibu nyuzi 94. Ongeza dakika 40. Dar es Salaam au Mombasa hakuna cha kubadilisha.

Ukilitoa, lichovye kwenye maji baridi sekunde kumi, fungua uzi, bandua kitambaa polepole, kisha likaushe kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa dakika 15. Wakati wa kutoka ngozi ni ya kijivu na haivutii. Baada ya oveni ni ya kahawia na inang'aa. Leo hulika moto na kastadi. Kesho asubuhi vipande hukaangwa kwa siagi na kuliwa na mayai, na sisi twaona hapo ndipo panapostahili kazi yote.

Shortbread yangu inakuwa ngumu. Tatizo nini?

Umeikanda. Hii ni biskuti nene ya siagi na haitaki nguvu ya chapati. Fuata uwiano wa moja, mbili, tatu: sukari gramu 100, siagi 200, unga 300. Ukiweza, gramu 50 za unga ziwe za mchele, huifanya imumunyike. Sugua siagi baridi kwenye unga na sukari hadi ishikane, ishinikize kwenye chombo cha sentimita 23, choma matundu kwa uma ili mvuke utoke, iweke kwenye friji nusu saa. Pwani, kwenye joto la nyuzi 30, hatua ya friji si ya hiari. Oka nyuzi 160 dakika 40 hadi 45. Itoke ikiwa ya rangi ya mchanga. Ikiwa kahawia umechelewa. Ikate ikiwa bado ya moto, la sivyo itavunjika ovyo. Majarini haifai hapa, kwa kuwa ladha yote ni siagi.

Na black bun na cranachan?

Black bun ni mchanganyiko mzito mweusi wa zabibu na viungo uliofungwa ndani ya ganda la unga. Huokwa wiki tatu au zaidi kabla ya Hogmanay ili ladha zikae. Ikiliwa siku ileile ni kavu na inakwaruza koo. Kabla ya kuoka, choma matundu kwa kijiti hadi chini kabisa, vinginevyo ganda litapasuka juu.

Cranachan ni ya dakika kumi: oti gramu 60 zilizokaangwa kavu hadi zinukie, krimu nzito mililita 300 iliyopigwa hadi isimame kidogo, asali vijiko viwili, wiski vijiko viwili au juisi ya chungwa, rasiberi gramu 300. Baridini rasiberi ni za friza. Ziyeyushe juu ya chekecheo kwanza. Panga wakati wa kula tu. Oti zikikaa kwenye krimu saa mbili zinakuwa uji.

Wiski hunywewaje, na hot toddy ni nini?

Kisheria, wiski ya Uskoti lazima ikae kwenye mapipa ya mwaloni Uskoti kwa miaka mitatu au zaidi, na iwe na kilevi asilimia 40 au zaidi. Mimina kidogo, nusa mdomo ukiwa wazi kidogo ili kilevi kisikuchome pua, onja, kisha ongeza matone ya maji. Hakuna Mskoti mwenye akili timamu atakayekucheka kwa kuongeza maji. Wao wenyewe huongeza. Za kisiwa cha Islay nyingi zina moshi wa mboji, na anayeanza mara nyingi hazimpendezi. Aanze na za eneo la Speyside. Wakati wa kuinua glasi husemwa "slàinte mhath", tamka "slanja va".

Hot toddy ni ya jioni za mafua: wiski mililita 50, asali kijiko cha chai, maji ya nusu limau, karafuu tatu, maji moto mililita 150. Maji yaliyotoka kuchemka huvukiza kilevi puani, kwa hiyo yasubiri dakika mbili. Si dawa. Hufariji tu, na usiichanganye na vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi. Asiyekunywa aweke chai nyeusi nzito na tangawizi mbichi badala ya wiski. Karafuu na limau vinabaki.

Pombe inauzwa saa ngapi, na gari je?

Madukani ni saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku tu. Wageni wengi hunaswa hapa tarehe 31 Desemba, wakifika saa 4 na dakika tano na kukuta rafu zimefunikwa. Umri ni miaka 18, na ukionekana chini ya 25 utaombwa kitambulisho.

Kiwango cha kilevi kwa dereva ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, tangu Desemba 2014. Uingereza ni 80, kwa hiyo usipige hesabu za London ukiwa Glasgow. Aliyekunywa hadi saa 9 usiku anaweza kuwa bado juu ya kiwango saa 3 asubuhi.

Hogmanay nyumbani inaendaje?

Mchana wa tarehe 31 nyumba husafishwa, majivu hutolewa, na madeni madogo hulipwa, ili mwaka usiingie juu ya uchafu wa mwaka uliopita. Ikikaribia saa 6 usiku, wengine hufungua mlango wa nyuma mwaka wa zamani utoke na wa mbele mpya uingie.

Kisha husubiriwa mtu wa kwanza kuvuka kizingiti. Mila inasema bahati ni mwanamume mrefu, mweusi wa nywele, na maelezo yanayosemwa sana ni kwamba mgeni wa nywele za dhahabu aliwakumbusha Waviking. Ndiyo maana usishangae ukiombwa utoke nje dakika tano kabla ya saa 6 na kuingia tena kwa kubisha. Ni heshima. La muhimu ni usiingie mikono mitupu: kipande cha makaa ya mawe kwa joto la nyumba, shortbread au black bun kwa chakula, chumvi, na chupa. Chupa ya sharubati ya tangawizi inakubalika.

Chakula cha karamu ya Burns kina utaratibu gani?

Robert Burns alizaliwa Alloway tarehe 25 Januari 1759 na kufa 1796 akiwa na miaka 37. Karamu ya kwanza ya kumkumbuka ilifanywa hapo Alloway mwaka 1801, mwezi Julai, kwa kumbukumbu ya kifo chake. Baadaye ikahamia siku ya kuzaliwa.

Hukaribishwa wageni, husomwa dua fupi, huja supu. Kisha wote husimama, na haggis huingizwa ukumbini kwenye sinia ikitanguliwa na mpiga zumari ya mfuko, wageni wakipiga makofi kwa mdundo. Msomaji hughani shairi la Burns la kuisifu haggis, na kwenye ubeti wa kisu huichana. Tahadhari kwa atakayeshika kisu: haggis iliyovimba hurusha mafuta ya moto. Mpishi mwenye busara huichana kidogo jikoni na kuificha alama kwa kuigeuza. Baada ya chakula kuna hotuba ya kumkumbuka mshairi, hotuba ya utani kwa wanawake na jibu lao, kisha mashairi na nyimbo. Ukiombwa hotuba, dakika kumi zinatosha. Karamu nyingi huharibikia kwenye hotuba, si kwenye chakula.

Mwisho huimbwa Auld Lang Syne kwa kushikana mikono kwenye duara. Mikono husokotwa kifuani kwenye ubeti wa mwisho tu. Utaona watu wengi, hata Waskoti, wakisokota tangu mwanzo.

Sherehe za moto ziko wapi, na nivae nini?

Stonehaven, kusini ya Aberdeen, saa 6 usiku wa mwaka mpya: watu hutembea barabarani wakizungusha juu ya vichwa matufe ya moto yaliyofungwa kwenye nyavu za waya, kisha huyatupa bandarini. Burghead huchoma pipa la lami tarehe 11 Januari, kwa sababu kalenda ilipobadilishwa mwaka 1752 na siku 11 kuondolewa, wao waliendelea na mwaka mpya wao wa zamani. Lerwick, kwenye Up Helly Aa, karibu watu elfu moja huandamana na mienge na kuitupa ndani ya jahazi la Kiviking lililojengwa kwa miezi kadhaa. Kesho yake Shetland hupumzika.

Vaa koti la sufu au pamba nene. Cheche moja hutoboa koti la nailoni. Edinburgh ina maonyesho makubwa zaidi, lakini tiketi yake ni kamari: upepo uliyafuta yale ya nje mwaka 2003, 2006 na 2024. Kabla ya kununua, soma masharti ya kurudishiwa fedha.

Tarehe 1 Januari nitakula wapi?

Nyumbani kwa mtu, ikiwezekana. Migahawa mingi imefungwa, mabasi na treni ni machache. Chakula cha siku hiyo ni pai ya nyama ya ng'ombe, inayoagizwa buchani katikati ya Desemba na kuchukuliwa tarehe 30 au 31. Foleni ya bucha nzuri hutoka hadi barabarani, kwa hiyo fika asubuhi na namba yako ya oda mkononi. Pai ya watu sita huingia oveni nyuzi 190 kwa saa moja. Ganda likiwahi kuwa kahawia, lifunike na foili na uendelee hadi mchuzi uchemke pembeni.